Kupasha joto sakafu ya ghorofani kwa mfumo mwembamba: uchambuzi wa kisa kutoka miteremko ya Meru

Kisa hiki ni cha nyumba moja ya familia mkoani Arusha. Majina, kijiji na kila kinachoweza kuitambulisha nyumba vimeondolewa. Vipimo vimebaki kama vilivyo, maana bila hivyo kisa hakimsaidii mtu.

Usuli

Nyumba iko juu ya jiji la Arusha, kwenye mteremko wa Mlima Meru, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Jiji lenyewe liko kwenye mita 1,400 hivi. Tofauti hiyo ya mita 300 huondoa digrii mbili za joto, na wakati wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, digrii mbili huonekana. Usiku wa Julai kipimajoto cha nje ya nyumba hii kilishuka mara kwa mara hadi digrii 10.

Ni nyumba ya ghorofa moja, yenye kuta za tofali za saruji za inchi 6 na madirisha ya kusukuma ya aluminiamu yenye kioo kimoja. Paa ni la bati. Chini ya bati kuna dari ya jipsamu, na juu ya jipsamu hamna kitu. Ghorofani kuna vyumba vitatu vya kulala, bafu mbili na korido. Sakafu yake ni slabu ya zege ya milimita 150 iliyowekwa marumaru. Chini yake kuna sebule na jiko.

Mama mzazi wa mwenye nyumba, aliyepita miaka 70, alikuwa amehamia chumba cha pembeni ghorofani, na miguu ilimsumbua kwa baridi. Familia ilikuwa ikimwekea jiko la mkaa chumbani jioni na kulitoa kabla ya kulala. Hilo ndilo lililoharakisha mambo, kwa kuwa mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na huua watu waliolala. Jiko liliondolewa siku ya ukaguzi wa kwanza na nafasi yake ikashikwa kwa muda na hita ndogo ya umeme yenye mafuta ndani, ya kuchomeka ukutani.

Ombi la familia lilikuwa fupi: sakafu yenye joto ghorofa nzima, bila kuvunja slabu na bila kuharibu ngazi.

Kwanza hesabu, ndipo katalogi

Wauzaji huuza mifumo hii kwa unene na kwa wati kwa mita ya mraba. Kwa ghorofa ya juu, swali la kwanza ni jingine: chumba kinapoteza joto kiasi gani, na kinalipotezea wapi?

Chumba cha mama kina mita 4.0 kwa 4.5, yaani mita za mraba 18, na kimo cha mita 2.7. Kuta mbili zinatazama nje. Kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje, makadirio yalikuwa hivi: kuta wati 49, madirisha wati 18, dari wati 54, na hewa inayopenya kwenye mianya ya madirisha wati 24. Jumla ni wati 145. Nje kukiwa na digrii 10 na ndani kukitakiwa digrii 20, chumba kinahitaji wati 1,450 mfululizo.

Kitanda, kabati la ukutani na meza vikitolewa, sakafu iliyobaki wazi ni mita za mraba 10 tu. Kila mita ingepaswa kutoa wati 145. Sakafu hutoa takriban wati 11 kwa mita ya mraba kwa kila digrii inayozidi hewa ya chumba, kwa hiyo ingebidi ifike digrii 33. Kiwango kinachokubalika kwa chumba cha kuishi ni digrii 29. Digrii 33 ni za bafuni, mahali mtu anapokanyaga na kutoka. Kwa maneno mengine, hakuna mfumo wowote wa sakafu, mwembamba au mnene, ambao ungekipasha chumba hicho kikiwa vile.

Angalia tena dari: wati 54 kati ya 145, nyingi kuliko kuta zote mbili. Ukitandika sufu ya kioo ya milimita 100 juu ya jipsamu, wati 54 zinakuwa 7. Ukiziba mianya ya madirisha kwa brashi na mpira mpya, 24 zinakaribia 13. Chumba kinashuka hadi wati 870, sakafu inahitaji wati 87 kwa mita, na digrii 28 zinatosha. Kuanzia hapo ndipo mazungumzo ya mifumo yalipokuwa na maana.

Njia zilizokuwa mezani

Mabomba ya maji ndani ya tabaka jipya la saruji yaliondolewa haraka. Tabaka la milimita 65 lina uzito wa kilo 130 hivi kwa mita ya mraba, na slabu za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba mzigo wa matumizi wa kilo 150 hivi kwa mita hiyo hiyo. Hakuna mhandisi makini atakayekubali mzigo wote huo uliwe na sakafu kabla ya watu na vitanda kuingia. Isitoshe, pamoja na bodi za kuzuia joto na marumaru, sakafu ingepanda zaidi ya milimita 90.

Mabomba membamba kwenye bodi zenye mifereji yalipewa muda mrefu zaidi, kwa sababu juu ya paa tayari kulikuwa na hita ya sola ya lita 300 na familia ilitaka kuitumia. Wazo ni zuri kwenye karatasi. Lakini Juni hadi Agosti ndiyo miezi ambayo Arusha huamka na mawingu, na siku nyingine jua halionekani hadi mchana. Joto linahitajika zaidi pale sola inapotoa kidogo. Hata tangi likijaa maji ya digrii 55, ukiyatumia hadi digrii 35 unapata takriban uniti 7, na hapo hakuna aliyeoga. Siku ya mawingu kipashio cha umeme ndani ya tangi kingefanya kazi yote. Huo ni umeme ule ule, ila umepitia pampu, valvu ya kuchanganya na kigawanyio cha mabomba, na kila kimoja kati ya hivyo ni kitu cha kuharibika. Pampu ya joto, inayovuta joto la hewa ya nje badala ya kulizalisha, ingepunguza umeme hadi kama theluthi moja, na kwa nyumba inayopashwa mchana na usiku ingekuwa chaguo la kwanza. Kwa matumizi ya saa nne au tano za jioni, wiki kumi kwa mwaka, haikulipa.

Filamu ya umeme, yaani karatasi nyembamba ya kupasha, chini ya laminate (mbao nyembamba za sakafuni) ilivutia kwa kuwa ingewekwa juu ya marumaru yaliyopo kwa milimita 16 tu, bila kuvunja kitu. Kasoro yake ni kikomo cha mbao: digrii 27 juu ya uso. Kwa chumba cha digrii 20 hiyo ni wati 75 hivi kwa mita, na chumba cha mama kinataka 87. Kingebaki na baridi usiku ambao ndio hasa uliolengwa.

Ukabaki mkeka wa umeme: waya mwembamba uliofumwa kwenye wavu wa nusu mita upana, unaofunikwa kwa saruji ya kujisawazisha na kuwekwa marumaru juu.

Milimita zilivyogawanywa

Vikwazo vilikuwa vitatu. Reli ya mlango wa kusukuma wa kwenda balkoni ilisimama milimita 25 juu ya marumaru. Milango ya mninga ilikuwa na nafasi ya milimita 8 chini. Na ngazi zilikuwa na kimo sawa cha milimita 165 kila moja; ukipandisha korido, ngazi ya mwisho peke yake inakuwa ndefu, na mguu uliozoea kimo kimoja hujikwaa hapo. Fundi seremala alilisema vizuri kuliko mchoro: "Ukipandisha hapa, huyo bibi ndiye wa kwanza kuanguka."

Marumaru ya zamani yalibanduliwa pamoja na saruji yaliyolalia, na hapo zikapatikana milimita 20. Juu ya zege tupu viliwekwa, kuanzia chini: gundi milimita 3, bodi ngumu ya povu iliyopakwa saruji milimita 10, mkeka ndani ya saruji ya kujisawazisha milimita 8, gundi milimita 4, marumaru milimita 9. Jumla ni 34. Sakafu ilipanda milimita 14. Reli ikabaki juu, milango ikakatwa milimita 14, na uzito mpya ukakaribiana na ule ulioondolewa.

Bodi ya povu ndiyo watu hupenda kuiacha ili kuokoa sentimita moja. Slabu ya milimita 150 inahitaji takriban wati-saa 84 kwa kila mita ya mraba ili ipande digrii moja. Bila kizuizi chochote, sehemu kubwa ya jioni ingeishia kupasha zege, na joto lingefika chumbani familia ikiwa imeshalala.

Uamuzi

Ombi la ghorofa nzima lilipunguzwa. Korido haikuguswa, kwa sababu ya ngazi. Chumba cha wageni kiliachiwa hita ya mafuta. Mikeka iliwekwa chumba cha mama (mita za mraba 10), chumba cha watoto (9) na bafu moja (3, nje ya eneo la kuogea). Dari ya ghorofa nzima, mita za mraba 70, ilitandikwa sufu ya kioo kabla ya kitu kingine chochote.

Mikeka yote ilikuwa ya wati 150 kwa mita. Katalogi zilipendekeza 100 kwa vyumba vya kulala, na msambazaji alisisitiza hivyo. Kilichoamua ni volti. Saa mbili usiku, majirani wote wakipika na kuoga, umeme kwenye soketi za ghorofani ulipimwa volti 198 badala ya 230. Nguvu ya waya wa kupasha hushuka kwa mraba wa volti: kwa 198 inabaki asilimia 74. Mkeka wa 100 unakuwa wa 74, chini ya 87 zinazotakiwa chumba cha mama. Wa 150 unakuwa wa 111, na ziada hiyo ndiyo inayokipandisha chumba joto upesi mwanzoni mwa jioni. Themostati hukata joto linalozidi, lakini haiwezi kuongeza wati ambazo mkeka hauna.

Upande wa umeme, jumla ya mikeka ni wati 3,300, yaani ampea 14.3. Boksi la swichi la ghorofani lililishwa na waya mmoja wa milimita za mraba 4, ambao tayari ulibeba hita ya kuogea ya kilowati 4.5, sawa na ampea 19.6. Vikiwaka pamoja ni karibu ampea 34, na waya huo ndani ya bomba la ukutani hubeba 32 hali ikiwa nzuri. Ulivutwa waya mpya wa milimita 10, na mikeka ikapewa saketi yake yenye swichi ya kukata umeme unaovuja ya miliampia 30. Nyumba haikuwa nayo hapo awali. Kwa bafu yenye waya wa umeme sakafuni, hiki si kitu cha kujadiliwa.

Utekelezaji, na pale palipoharibika

Waya wa mkeka haukatwi. Unakata wavu na kuugeuza, waya unabaki mzima. Ndiyo maana mikeka huagizwa ikiwa midogo kidogo kuliko nafasi iliyopo. Ukibakiwa na mita moja ya waya, huna pa kuipeleka. Chumba cha mama kilipata mikeka miwili ya mita 5, iliyounganishwa sambamba kwenye themostati moja ya ampea 16.

Kila mkeka ulipimwa kwa multimita ukiwa bado kwenye boksi. Namba inayotarajiwa unaipata kwa kugawanya mraba wa volti kwa wati: mkeka wa wati 750 ni omu 70.5, wa 1,350 ni 39.2, wa 450 ni 117.6. Ukisoma tofauti kubwa, rudisha boksi kabla ya kufungua wavu. Kisha fundi umeme alipima kwa mega ya volti 500, kifaa cha kupima kama umeme unavuja, kati ya waya na eathi. Vipimo viliandikwa ukutani kwa penseli ili kila fundi avione.

Sensa ya themostati, inayopima joto la sakafu, iliingizwa ndani ya bomba dogo la plastiki lililozibwa mwisho, katikati ya nyaya mbili, si juu ya waya. Bomba ni muhimu: sensa ikifa baada ya miaka minane, unaivuta na kuingiza nyingine bila kugusa marumaru. Kiungo kati ya waya wa joto na waya wa baridi (ule usiopasha, unaoleta umeme kwenye mkeka) kililazwa ndani ya saruji chote. Kikiachwa hewani ndani ya ukuta, huungua.

Tatizo lilitokea chumba cha watoto. Saruji ya kujisawazisha iliyohitajika ilikuwa mifuko 6 ya kilo 25 kwa chumba cha mama na 5 kwa cha watoto. Iliyofika ni 7. Badala ya kusubiri wiki mbili, iliamuliwa mkeka wa chumba cha watoto ufunikwe kwa gundi ya marumaru moja kwa moja, jambo ambalo watengenezaji wengi huliruhusu. Linaruhusiwa, ila linadai mkono mwepesi. Fundi marumaru alitumia mwiko wa meno wa chuma na akaegemeza ndoo ya gundi juu ya waya ulio wazi. Kipimo cha asubuhi kilisoma omu 39. Cha saa sita mchana hakikusoma chochote: waya umekatika.

Kwa bahati utaratibu ulikuwa kupima kila baada ya safu mbili. Gundi ilikuwa bado mbichi, marumaru saba yakabanduliwa, na jeraha likaonekana kwenye safu ya pili, alama safi ya jino la mwiko. Kiungo cha kukarabati kilichokuja na mkeka, chenye mirija ya kubana na ya kusinywa kwa moto, kilirudisha omu 39. Kama kipimo kingesubiri jioni, lingekuwa suala la kuvunja chumba kizima. Kazi iliyobaki ilimalizwa kwa mwiko wa plastiki.

Pembezoni mwa vyumba iliachwa nafasi ya milimita 6 iliyofichwa na skating, marumaru yapate pa kutanukia. Kisha umeme haukuwashwa kwa siku 14. Kuna shinikizo kubwa la kuwasha siku ya pili "tuone kama inafanya kazi". Gundi inayokaushwa kwa joto hupasuka na marumaru huanza kulia tupu.

Matokeo

Kabla ya kazi, chumba cha mama saa mbili usiku kilikuwa digrii 15, nje kukiwa na 11. Baada ya dari na mpira wa madirisha tu, bila kuwasha chochote, kilikuwa 17. Mikeka ikiwashwa saa kumi na moja na nusu jioni, kilifika digrii 20 kabla ya saa mbili usiku, na sakafu ikiwa 27 hadi 28.

Matumizi yalikuwa karibu uniti 9 kwa usiku kwa vyumba viwili na bafu. Kwa shilingi 356 hivi kwa uniti, kodi na tozo zikiwa ndani, ni kama shilingi 3,200. Familia hii tayari ilitumia uniti 180 kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye bei nafuu ya watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ingeweza kuipoteza, na hesabu yake ingekuwa tofauti kabisa.

Malalamiko yalikuja wiki ya tatu. Chumba cha mama kilianza kubaki digrii 18. Mkeka ulikuwa mzima. Kilichobadilika ni zulia nene lililotandikwa katikati, juu ya sensa. Joto lilinaswa chini yake, sensa ikasoma digrii 29 upesi, themostati ikakata. Zulia lilibadilishwa na jamvi jembamba. Wikiendi iliyofuata wageni walitandikiwa godoro chini chumba cha watoto, na sehemu iliyo chini ya godoro ikapanda joto kuliko sakafu yote. Sasa swichi ya chumba huzimwa godoro likitandikwa chini.

La mwisho ni kukatika kwa umeme. Themostati za awali hazikuwa na betri ya saa, hivyo kila umeme ulipokatika zilisahau muda, na asubuhi moja sakafu ilikutwa moto saa nne, nyumba tupu. Zilibadilishwa.

Uchambuzi

Fedha iliyofanya kazi kubwa ilikuwa ya sufu ya kioo. Iligharimu chini ya robo ya mikeka na themostati, pamoja na mpira wa madirisha ikapandisha chumba digrii mbili bila uniti hata moja, na ikageuza sakafu kutoka isiyowezekana hadi inayowezekana. Utandikaji wake, hata hivyo, haukuwa mzuri: kuzunguka taa za darini mafundi waliacha mashimo makubwa kuliko yaliyohitajika na taa, na mfuniko wa kupandia darini haukuwekwa kitu. Mkono ukiuinua karibu na mfuniko huo usiku, unausikia ubaridi ukishuka.

Kuiacha korido kulikuwa uamuzi sahihi, ingawa familia iliupinga. Kipande cha mbao chenye mteremko kwenye kila mlango kinabeba milimita 14 bila tatizo. Ngazi ya mwisho isingezibeba.

Kufunika mkeka kwa gundi peke yake ili kuokoa wiki mbili hakukuwa na faida. Saruji ya kujisawazisha humpa fundi marumaru sakafu ngumu ya kufanyia kazi, na mtu ambaye hajawahi kuweka marumaru juu ya waya hapaswi kuanzia kwenye waya ulio wazi. Mifuko minne iliyokosekana ilipaswa kusimamisha chumba cha watoto.

Wati 150 zilijithibitisha kwa sababu ya volti. Penye transfoma iliyo karibu na volti zinazokaa 225 au zaidi, 100 zingetosha chumba cha watoto, ambacho kina ukuta mmoja tu wa nje na kinahitaji wati 480. Pima volti saa mbili usiku, si saa nne asubuhi fundi anapokuja.

Kwa nyumba za Machame au Marangu juu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hesabu hii inahamishika karibu ilivyo. Kwa Moshi mjini, chini ya mita 1,000, dari peke yake ingemaliza kazi. Na kwa nyumba ya wageni yenye vyumba kumi inayopashwa kila siku, mabomba membamba na pampu ya joto yangerudi mezani kabla ya mkeka wowote.